Gari la milango minne halimo kwenye boksi

Usiku ule ilikua saa saba na nusu, nimetoka shifti ya jioni, watoto wamelala, na mi nimekaa mezani jikoni na kisu namba 11, kile chembamba cha ncha kali, nakata nguzo ya katikati ya modeli ya Chevrolet ya 1957 ambayo nlikua nimeitoa kwenye boksi siku mbili tu kabla. Plastiki safi, haina hata mkwaruzo. Nliikata kwa sababu boksi lilinipa milango miwili na mi nlihitaji minne.

Kwa ambao hamjui, niko Grand Rapids, Michigan, kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, na huu mwaka wa sita naunda modeli za plastiki za magari ya Kimarekani ya miaka ya 50 na 60, skeli ya 1/25, yaani sentimita 25 za gari la kweli zinakua sentimita moja mezani kwangu. Nlianza na modeli moja nliyoikuta kwenye mnada wa garaji wa jirani, ikaniingia kwenye damu. Ila sijengi zile za mashindano, wala zile ambazo injini imetokeza juu ya boneti. Mi napenda gari la familia. Gari la baba kwenda kazini, mama kwenda sokoni, watoto wanne nyuma wanagombania dirisha.

Na hapo ndo kuna shida, hilo gari halipo. Nenda duka lolote la modeli hapa uangalie rafu, utakuta Mustang, Camaro, Corvette, Bel Air ya milango miwili, Impala ya milango miwili, halafu Camaro tena. Gari la milango minne unaweza ukazunguka duka zima usilione, wakati barabarani enzi hizo yalikua yamejaa kila mahali.

Sababu yake ina historia na nimeitafuta sana, ngoja niieleze vizuri. Hizi modeli zilianzia kwa wauza magari wenyewe. Baada ya vita ya pili, kampuni kama AMT ya Troy na Jo-Han ya Detroit, zote za hapa Michigan, zilikua zinatengeneza vigari vidogo vya plastiki vilivyokamilika, rangi zile zile za kiwandani, vinapelekwa kwa wauza magari. Mzazi anasaini makaratasi, mtoto anapewa kigari. Muuzaji anataka mtoto aone gari zuri kuliko yote kwenye toleo la mwaka huo, sa unadhani watatengeneza lipi, la bei ya chini la milango minne? Mara nyingi wakachukua yale ya milango miwili yasiyo na nguzo katikati, na yale ya kufunua paa. Ilipofika 1958 AMT wakaanza kuuza vigari hivyo hivyo kama vipande vya kuunganisha mwenyewe, boksi moja unaweza kulijenga kwa namna tatu, la kawaida, la kurembwa au la mashindano. Vijana wakapenda ya kurembwa na ya mashindano, na kwa hayo milango miwili ndo inapendeza, basi ikabaki hivyo.

Kuna kingine kinaniuma zaidi. Zile kalibu za chuma za kumiminia plastiki ni ghali mno, kwa hiyo kila mwaka walikua hawatengenezi mpya, wanachukua ya mwaka jana wanaichonga ibadilike iwe ya mwaka huu, gari lilibadilika taa na grili, basi na chuma kinachongwa taa na grili. Ukishachonga hurudi nyuma. Ndo maana kuna miaka ya magari fulani ambayo modeli yake haiwezi kutolewa tena mpaka mtu akae aanze chuma upya. Afadhali siku hizi Round 2, wale wa South Bend, Indiana, wanaomiliki majina ya AMT na MPC, kampuni nyingine ya modeli, wanarudisha vitu vingi vya zamani. AMT walikua pia na steshenwagoni ya Chevy II ya 1963, ya milango minne kabisa na nyuma kuna mlango wa mizigo, hiyo nimeshaijenga mara mbili na nitaijenga tena nikipata. Ila ukitoka hapo, gari la familia mara nyingi inabidi ulitengeneze mwenyewe kwa kisu.

Sa hili la 1957 limeanzaje.

Kazini kuna mzee mmoja, jina simtaji, mi namuita Babu. Siku ya kwanza aliniuliza Babu maana yake nini, nikamwambia ndo baba wa baba au wa mama, akakaa kimya kidogo akasema sawa, hilo litafaa. Alifanya kazi miaka mingi kiwandani, kwenye kupiga mabati ya bodi za magari, na baba yake kabla yake hivyo hivyo. Siku moja nlimpelekea ile steshenwagoni ya Chevy II aione. Akaivaa miwani, akaigeuza, akaangalia chini kwanza. Wengi wanaangalia rangi, yeye alianza chini! Akaniambia spring za nyuma umezipaka rangi ya chuma kipya, gari likitoka kiwandani likala barabara ya Michigan inayomwagwa chumvi ya kuyeyusha barafu, majira mawili ya baridi hutaona hiyo rangi tena. Nikajua hapa nimepata mwalimu.

Basi nikamuuliza, Babu, kwenu mlikua na gari gani ukiwa mdogo. Akasema Chevrolet, ya 57. Nikafurahi, nikamwambia hiyo ninayo Bel Air yake kabatini! Akatikisa kichwa. Akasema si Bel Air, Bel Air ilikua ya daktari. Sisi tulikua na One-Fifty, milango minne, silinda sita, bluu.

Kwa wasiojua, Chevrolet mwaka ule ilikua na ngazi tatu. Juu Bel Air, ile yenye kipande cha alumini kinachong'aa ubavuni nyuma, ambayo ndo kila mtu anaijua kwenye mabango na kalenda. Katikati Two-Ten. Chini kabisa One-Fifty, krome kidogo tu, vifuniko vya magurudumu vidogo vya katikati, ndani hakuna mbwembwe. Ilinunuliwa na polisi, na makampuni, na watu wenye watoto wengi na mshahara mmoja. Bodi ni ile ile, mapezi ya nyuma ni yale yale, hata tundu la mafuta limefichwa pale pale nyuma ya krome ya pezi la kushoto, ila yule daktari na baba yake Babu wasingechanganya magari yao.

Nimetafuta. One-Fifty kwenye modeli ipo ya Revell, ila mjue ni ipi, ni ile ya mashindano wanayoiita Black Widow, nyeusi na nyeupe, iliyokimbia kwenye mbio za NASCAR 1957 na injini ya V8, yaani silinda nane, ya inchi za ujazo 283 yenye kudunga mafuta. Walichukua ile gari ya bei rahisi kwa sababu ndo ilikua nyepesi. Ile yenyewe ya kweli ilikua aina ya milango miwili ambayo kiwandani nyuma haikuwekwa hata kiti, ni sakafu ya kuwekea mizigo. Kwa hiyo kazi yangu ni kuchukua gari lisilo na nafasi ya mtoto hata mmoja niligeuze libebe watoto wanne. Nliponunua lile boksi mikono ilikua inanitetemeka kwa furaha, sisemi uongo.

Habari njema ni kwamba urefu kati ya magurudumu ni ule ule kwa yote, inchi 115. Hiyo kwa 1/25 ni milimita 116.8. Kwa hiyo bodi hairefushwi, kinachohama ni nguzo na mistari ya milango. Mlango wa mbele wa gari la milango miwili ni mrefu, wa milango minne ni mfupi, nguzo inasogea mbele.

Vipimo nlivipata kiangazi kwenye mkusanyiko wa magari ya zamani, kwenye maegesho ya duka moja jioni ya Alhamisi. Nlizunguka mstari mzima wa 57, zote milango miwili, mwishoni kabisa kwenye kivuli cha mti kuna mzee na mkewe wamekaa kwenye viti vya kukunja pembeni ya Two-Ten ya milango minne. Nikawaomba nipige picha ya ubavu na nipime na futi, wakashangaa, wakasema hakuna mtu anayekuja kupiga picha hii. Wenye hobi hapa haya magari wanayaita "moa doa", yaani milango imezidi, na bei yake iko chini sana ukilinganisha na ya milango miwili. Mengi yamekatwakatwa, wanachukua kioo cha mbele, grili, bampa, fenda, wanavalisha la milango miwili, mengine yanatupwa. Yule mama alinishikia upande mwingine wa futi. Nlipima mpaka giza.

Nyumbani nikaichapisha ile picha ya ubavu mara kadhaa mpaka kutoka katikati ya gurudumu hadi katikati ya gurudumu ikawa milimita 117 kasoro kidogo, nikaikata, nikailaza juu ya bodi ya plastiki, nikatia alama kwa penseli. Hii njia ni rahisi na inafanya kazi kwa gari lolote, ila hakikisha picha umepiga kwa mbali na umesimama katikati kabisa ya gari, ukipiga karibu ncha zinapinda na vipimo vyote vinakua uongo.

Halafu kazi ya kisu. Cha kwanza ni kuosha bodi na sabuni ya vyombo, ile plastiki inatoka kiwandani na mafuta, usipoosha rangi haishiki. Kisha mistari ya milango ya zamani nikaijaza na supaglu, nikapiga msasa namba 320, 400, 600, namba ikipanda unakua laini zaidi, ukipitisha kucha usiusikie mstari. Nguzo mpya ni kipande chembamba cha plastiki, na hapa sikieni kwa makini nyie mnaotaka kujaribu, gundisha nguzo mpya KWANZA, iache ikauke usiku mzima, ndo ukate ya zamani. Ukikata ya zamani kwanza paa linalegea, na likishalegea hata nusu milimita kioo cha mbele hakitakaa tena. Mistari mipya ya milango nliichora kwa mgongo wa kisu, taratibu, nimebandika mkanda mgumu pembeni kama rula, mara ya kwanza unapitisha kama unapapasa tu, mara ya kumi ndo unabonyeza.

Nikampelekea Babu bodi ikiwa na praima ya kijivu. Akaishika kwenye mwanga wa dirishani. Akasema mlango wa nyuma umeukosea. Mi nlikua nimeuteremsha wima hadi chini, yeye akachora na kidole kwamba ukifika kwenye tairi unakata kona unalifuata tairi, maana mlango umeingia juu ya gurudumu la nyuma. Nikaangalia picha zangu, ni kweli kabisa, ipo, mi nlikua nimeiangalia wiki nzima siioni. Nikaziba upya nikachora upya.

La pili akauliza kiti cha mbele. Akasema gari la milango miwili mgongo wa kiti umepasuka katikati ili uulaze upande mmoja mtu apite nyuma, letu lilikua kiti kimoja cha moja kwa moja kama benchi la kanisa, nakikumbuka kwa sababu nlikua nasimama nyuma ya baba nimeshika pale juu, mikanda hakuna, safari nzima nimesimama. Nikajaza ule mpasuko na puti. Kiti cha nyuma nikakitoa kwenye modeli nyingine mbovu, nikakipunguza ubavu. Injini ya silinda sita nayo nimeitoa kwenye mabaki ya Chevrolet ya zamani zaidi, ile V8 nimeiweka kwenye kopo, itapata gari lake.

Krome ya modeli nayo inang'aa kupita kiasi, ni kama kioo, vipande vingine nikavitumbukiza kwenye dawa ya kufulia nguo nyeupe, kwetu tungesema Jik, baada ya muda inaachia yote inabaki plastiki, nikapaka fedha ya kawaida. Mistari ya krome ubavuni nimetumia Bare-Metal Foil, ile karatasi nyembamba ya kunata inayotengenezwa hapa hapa Michigan, unailaza, unaisugua kwa kijiti cha meno, halafu unaikata pembeni kwa wembe mpya. Wembe uwe mpya kweli. Ukitumia uliokwisha makali unachana karatasi na rangi pamoja.

Rangi ni Larkspur Blue, moja ya rangi za Chevrolet za mwaka huo, bluu ya upole ina kijivu kidogo ndani. Nimepiga spirei koti nne nyembamba, kila moja baada ya kulowesha kopo kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika kadhaa ili rangi itoke laini. Majira ya baridi hapa garajini huwezi kupuliza, nlisubiri siku ambayo hali ya hewa imelegea, nikavaa barakoa ya kemikali, nikafungua mlango. Halafu nikaiacha wiki tatu ikauke kabisa. Halafu kung'arisha, jioni saba mfululizo, kitambaa na dawa, kitambaa na dawa, mpaka nikaona taa ya jikoni imejichora kwenye boneti na ukingo wake haujakatika.

Wakati nang'arisha nilimpigia kaka yangu Tanga video. Sisi tulikua tunaunda magari ya waya, matairi ya kandambili, usukani mrefu wa mti unaendesha umesimama, yeye alikua fundi kuliko mimi. Alinyamaza muda mrefu halafu akaniuliza usukani unazungusha matairi? Nikamwambia kwenye hii hapana. Akasema basi bado. Ana haki, gari lake la waya lilikua linakata kona.

Jumamosi nikalipeleka limekamilika. Nimeliweka kwenye kisanduku na pamba. Babu alilishika mikono miwili. Akafungua boneti akaona silinda sita, akacheka. Akaniambia habari ya kiangazi cha 1958, daraja la Mackinac lilikua limefunguliwa Novemba ya mwaka uliopita, kabla yake ukitaka kwenda upande wa juu wa Michigan gari linapanda feri, unasubiri foleni, baba yake akawapakia wote kwenye One-Fifty kwenda tu kulivuka lile daraja, kama kilomita 8, kisha wakageuza wakarudi. Mama yake alifumba macho kwenda na kurudi. Dada zake walihesabu nyaya. Yeye alikua amesimama nyuma ya baba ameshika kile kiti.

Halafu akaligeuza upande wa kulia, akaliangalia kwa muda, akasema, fenda hii ilikua ya kijani.

Nikamuuliza vipi ya kijani. Akasema warudipo safari ile ile, usiku, kulungu aliruka barabarani, fenda ya mbele kulia ikakunjika na taa ikavunjika. Baba akaenda kwenye uwanja wa magari mabovu akapata fenda ya 57 nyingine, ya kijani kile chepesi, akaifunga mwenyewe na boliti uani kwao Jumapili moja, akasema rangi tutapiga mwezi ujao. Ikakaa ya kijani mpaka gari linauzwa. Shuleni walikua wanamjua kwa hiyo fenda. Akaniambia lakini we acha, limependeza hivi hivi.

Nimeondoka kazini nalo kwenye kisanduku chake, nikiwaza hiyo fenda njia nzima. Jioni saba za kung'arisha ziko juu yake. Ila gari lake halikua la bluu tupu, na sasa nalijua hilo, siwezi tena kuliangalia nikaliona limekamilika.

Basi ndo nimefanya, leo. Nimetoa taa, nimefunika gari zima na mkanda wa kuzuia rangi, kingo zote nimezibonyeza kwa kijiti, nimepiga fenda msasa 1500 kidogo tu rangi ipate pa kushika, nikapuliza Surf Green, nayo ni ya 1957 hiyo hiyo, koti mbili nyembamba nikaacha. Hii sijaing'arisha na sitaing'arisha, ilitoka uwanja wa magari mabovu, haikua inang'aa. Mpaka wa boneti na wa mlango umekaa safi, sehemu moja tu chini karibu na tairi bluu imechungulia kama nusu milimita, nimeiacha.

Foili ya ubavu upande huo nimebandika upya kipande kimoja. Taa nimerudisha. Sa hivi liko juu ya friji linakauka watoto wasilifikie, na keshokutwa Jumanne niko shifti ya asubuhi, nitampelekea kabla ya chai.